Nyama Mezani mwa Wasioamini

Kupima imani ya mtu kwa nyama anayoila au anayoikataa ni desturi kongwe. Mwaka 314 maaskofu waliokutana Ankyra, mji ambao leo ni Ankara, makao makuu ya Uturuki, walipitisha kanuni iliyowataka makasisi na mashemasi waliojizuia kula nyama waionje kwanza, kisha ndipo waiache wakipenda. Na yule ambaye angekataa hata mboga zilizopikwa pamoja na nyama alipaswa kuvuliwa cheo chake. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya lishe. Kanisa la wakati ule liliogopa mafundisho yaliyodai kwamba mwili na vitu vyote vinavyoonekana ni kazi ya nguvu ya uovu, na miongoni mwa walioyaeneza walikuwa wafuasi wa Mani, mhubiri wa Uajemi wa karne ya 3, ambao wateule wao hawakugusa nyama kabisa. Kwa hiyo kasisi aliyesukuma kando bakuli la mchuzi alishukiwa kwamba anamlaumu Muumba kwa alichokiumba. Shaka hiyo iliingia pia katika dola ya Kiislamu. Mwanahistoria al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, anasimulia jinsi watu waliotuhumiwa uzandiki, yaani kuficha dini ya Mani au ukafiri mwingine chini ya vazi la Uislamu, walivyofikishwa mbele ya Khalifa al-Mamun wakaamriwa kuitemea mate sura ya Mani na kumchinja ndege, na waliokataa wakauawa. Huko Goslar, Ujerumani, wakati wa Krismasi ya mwaka 1051, mbele ya Kaisari Heinrich III, walinyongwa watu waliohukumiwa kuwa wazushi, na moja ya dalili zilizowatia hatiani ni kwamba walikataa kumchinja kuku.

Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyemkana Mungu. Kosa lao, kama lilikuwa kosa, ni kumwamini kwa namna ambayo wakubwa hawakuipenda. Hata hivyo kesi zao ziliacha alama ndefu, kwa sababu zilizoesha dola na dini kuiona nyama kama kiapo, na asiyekula akaonekana kama mtu aliyekataa kuapa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo mengi hapa, kwa kuwa amezoea kuona swali la nani kachinja, na kwa jina la nani, likiamua kama nyama itaingia katika sufuria ya jirani au haitaingia. Swali gumu zaidi ni lile lililozuka baadaye, pale walipotokea watu ambao hawakutambua kiapo chochote: waliomkana Mungu waziwazi, waliosema kwamba kuwepo kwake hakuwezi kujulikana, na wale waliokataa tu kwamba kitabu au kuhani ana haki ya kuwapangia maisha. Watu wa aina hizo tatu wanaitwa hapa kwa pamoja wasioamini. Mtu wa namna hiyo akikaa mezani, nani atamwambia ale nini?

Mfano wa kale ulio bora zaidi unatoka Syria. Abu al-Ala al-Maarri alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Maarrat al-Numan, kusini ya Halab, akapofuka kwa ndui akiwa na umri wa miaka minne hivi, na licha ya upofu huo akawa mmoja wa washairi na wanachuoni wakubwa wa lugha ya Kiarabu wa zama zote. Kati ya mwaka 1008 na 1010 alikwenda Baghdad kutafuta elimu na sifa, lakini alirudi kwao mama yake alipofariki, akajifungia ndani na kujiita mfungwa wa vifungo viwili, kimoja ni upofu wake na kingine ni nyumba yake. Tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 1057 hakula nyama, wala samaki, wala mayai, wala hakunywa maziwa. Hata asali aliiacha, akisema kwa ushairi kwamba nyuki hawakuikusanya kwa ajili ya wengine. Katika diwani yake iitwayo Luzumiyyat, aliyojifunga kuitunga kwa kanuni kali za vina kuliko zilivyodai desturi, alizihoji dini zote alizozijua, akaitukuza akili kuwa ndiyo imamu wa kweli, na akawashambulia wanaoitumia dini kujipatia riziki. Pamoja na hayo aliswali na kufunga, na ndani ya diwani hiyo hiyo kuna beti za tauhidi zilizo safi kabisa. Wanachuoni wamebishana kwa karne tisa kama alikuwa kafiri, zahidi au mtu wa shaka. La hakika ni kwamba maadui zake walimwita zindiki, na kwamba kutokula kwake nyama kulikuwa miongoni mwa ushahidi walioutoa.

Ushahidi huo ulijadiliwa kwa barua, na barua zenyewe zimesalia kwa sababu Yaqut al-Hamawi, mtunzi wa kamusi kubwa ya wasifu wa waandishi, alizinakili. Aliyeanza ni al-Muayyad fi al-Din al-Shirazi, mlinganiaji mashuhuri wa dola ya Wafatimiya, yaani mtu aliyetumwa kueneza madhehebu ya Ismailia yaliyokuwa yakitawala kutoka Cairo. Kwa adabu nyingi na mtego ndani yake, al-Shirazi alimwomba mzee huyo amfafanulie sababu ya kuacha nyama. Kama ni huruma, alisema, wanyama wenyewe wanalana, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyewaumba walane. Je, kiumbe anaweza kudai kuwa na huruma kuliko aliyemuumba? Mtego ulikuwa pale. Angejibu ndiyo, angekuwa amekufuru. Angejibu hapana, asingekuwa na sababu ya kuacha kilichohalalishwa.

Jibu la al-Maarri linastahili kusomwa polepole, kwa maana ni la mtu anayejua kwamba neno moja linaweza kumgharimu maisha yake. Alieleza kwamba wanyama wanahisi maumivu, na kwamba mwenye kuacha kwa hiari jambo lililo halali ili kumpunguzia kiumbe mwingine maumivu hatendi dhambi. Aligusa, kwa lugha ya kuzunguka, swali la namna uovu unavyoweza kutokea katika ulimwengu unaoendeshwa na mwema mwenye uwezo wote. Kisha akageukia jambo la chini kabisa, akasema kwamba kipato chake kwa mwaka ni dinari ishirini na kitu, nusu yake inachukuliwa na mtumishi wake, na kinachobaki kinamtosha kwa dengu na vyakula vya aina hiyo. Al-Shirazi alijitolea kumwandikia mtawala wa Halab ili mshairi apewe posho ya chakula kizuri zaidi, na al-Maarri akakataa. Kukataa huko kunaonyesha kwamba umasikini haukuwa sababu yenyewe, ulikuwa ngao. Na kuna shahidi mwingine: msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw, aliyepita Maarrat al-Numan mwaka 1047, aliandika kwamba mshairi huyo alikuwa tajiri na mkuu wa mji wake, lakini yeye mwenyewe alivaa nguo za sufu nzito na kula mkate wa shayiri tu. Ikiwa Khusraw alisikia sawasawa, basi zile dinari ishirini na kitu zilikuwa hesabu ya mtu aliyeamua kwamba mali inayopita mikononi mwake si yake.

Katika barua hizo jambo moja linajitokeza ambalo litarudi tena na tena katika karne za baadaye. Mlinganiaji hakutetea nyama kwa utamu wake wala kwa nguvu zinazopatikana kwa kuila. Aliitetea kwa sababu imeruhusiwa, na kwake ruhusa hiyo ilikuwa imemaliza mjadala. Al-Maarri, kwa upande wake, hakuikana ruhusa, ila aliuliza kama ruhusa inatosha. Anayeuliza hivyo huenda bado ni muumini, na huenda si muumini tena, lakini kwa vyovyote amekwisha kuuhamisha uamuzi kutoka katika kitabu na kuuweka katika dhamiri yake, na hilo ndilo lililomshtua al-Shirazi kuliko mlo wa dengu.

Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa nchi yenye tofauti kubwa na Syria ya al-Maarri, lakini hapo pia ruhusa ilisimama juu ya kitabu. Wahubiri wa Kianglikana walikumbusha kwamba Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya wanyama, na kwamba katika sura ya 9 ya Mwanzo, baada ya gharika, alimruhusu Nuhu kula kila chenye uhai kiendacho. Nyama choma ya ng'ombe ilikuwa fahari ya taifa, na Mwingereza alijilinganisha na Mfaransa kwa unene wa nyama iliyokuwa mezani pake. Katika mazingira hayo Joseph Ritson, mwanasheria aliyezaliwa Stockton mwaka 1752 na anayekumbukwa zaidi kwa kukusanya nyimbo za kale za Robin Hood, aliacha nyama mwaka 1772. Kilichomgeuza ni kitabu cha Bernard Mandeville, daktari wa Kiholanzi aliyeishi London, ambacho ndani yake kuna maelezo ya kutisha ya fahali akichinjwa: kichwa kikapigwa kisha kikafungwa, koo likakatwa, damu ikamtoka huku akiguna na kutupa miguu. Ritson aliishi kwa maziwa na mboga, na alijivunia kwamba kwa miaka yote hiyo alikengeuka mara moja tu, pale aliposafiri kusini ya Scotland akilowa na kuona njaa, akala viazi vichache vilivyookwa chini ya nyama.

Mwaka 1802 alichapisha kitabu chake juu ya kujizuia kula nyama kama wajibu wa kimaadili, ambacho kiliwachoma wasomaji kwa sababu mbili kwa pamoja. Ritson hakuanza na Mungu. Alianza na binadamu kama mnyama mmoja miongoni mwa wanyama, asiyeumbwa kwa kusudi lolote maalumu, kisha akapanda hatua kwa hatua akidai kwamba nyama si chakula cha asili kwa binadamu, kwamba si ya lazima kwa nguvu za mwili, kwamba inaleta ukatili, na kwamba ukatili huo ndio uliozaa kafara za watu na hata ulaji wa watu. Hatua za mwisho za hoja hiyo ni dhaifu, na ushahidi aliouokota kutoka katika vitabu vya wasafiri hauaminiki. Lakini mwanzo wake ulikuwa mpya. Wahakiki walimshambulia kwa ukanaji Mungu na kwa mboga zake kwa pumzi moja. Aliporukwa na akili mwaka uliofuata, akachoma karatasi zake katika chumba chake cha uwakili London na kufariki, walioiona hoja yake kuwa wazimu tangu mwanzo walipata, kwa maoni yao, uthibitisho.

Kabla yake kidogo, John Oswald, mwanajeshi wa Scotland aliyejifunza kuacha nyama India alipokuwa katika kikosi cha Kiingereza, alikwisha kuchapisha mwaka 1791 kitabu cha kuwaombea wanyama haki na rehema, kisha akajiunga na Mapinduzi ya Ufaransa na kuuawa vitani Vendée mwaka 1793. Baada yao akaja mshairi Percy Bysshe Shelley. Mwezi wa Machi 1811 Shelley na rafiki yake Thomas Jefferson Hogg walifukuzwa Chuo Kikuu cha Oxford kwa ajili ya kijitabu kilichotetea ukanaji Mungu. Mwaka mmoja baadaye, akiwa Dublin na mkewe Harriet, Shelley aliacha nyama. Na mwaka 1813 alichapisha utenzi wake Queen Mab, ambao maelezo yake ya nyuma yana insha mbili, moja ikikana kuwepo kwa Mungu muumba na nyingine ikieleza kwamba chanzo cha maradhi na maovu ya binadamu ni nyama iliyopikwa. Insha ya pili ilitolewa pia kama kijitabu cha peke yake. Afisa wa forodha, kasisi na mwajiri aliyekuta kitabu kile mkononi mwa fundi hakuwa na haja ya kutenganisha insha hizo mbili, na wachapishaji waliokitoa upya miaka ya 1820 walishitakiwa. Lakini kilienea kwa bei rahisi miongoni mwa wafanyakazi waliopigania haki ya kura, na wengi wao walikutana na mlo usio na nyama kwa mara ya kwanza katika kurasa zile zile walimokutana na shaka juu ya Mungu.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuandika kana kwamba wasioamini ndio walioanzisha desturi hii Uingereza. Mwaka 1809 mchungaji William Cowherd wa Salford, karibu na Manchester, alianzisha kanisa lililowataka waumini wake waache nyama na pombe kwa sababu za Biblia, na mmoja wa waumini hao, Joseph Brotherton, aliyekuja kuwa mbunge wa kwanza wa Salford mwaka 1832, ndiye aliyeongoza mkutano wa Ramsgate wa tarehe 30 Septemba 1847 uliounda chama cha kwanza cha walaji mboga nchini humo. Mlaji mboga kwa maana ya chama hicho ni mtu asiyekula mnyama yeyote, wa nchi kavu, wa angani au wa majini, ingawa maziwa na mayai hayakukatazwa. Ndani ya chama hicho waumini wa Cowherd walikaa na wafuasi wa ujamaa wa Robert Owen ambao wengi wao hawakuwa na dini, na hakuna upande uliofanikiwa kuuita mlo huo mali yake. Annie Besant anaonyesha jinsi njia hizo zilivyopishana: kwa miaka mingi alikuwa mkono wa kulia wa Charles Bradlaugh, kiongozi wa wakana Mungu aliyezuiwa kukalia kiti chake bungeni kwa sababu ya suala la kiapo, lakini alikuja kuhubiri kuacha nyama kwa bidii baada ya kuwaacha wakana Mungu mwaka 1889 na kujiunga na Theosophy, mafundisho ya kiroho yaliyochota mengi kutoka India. Yeye alikwenda kinyume kabisa na njia ya Shelley, na aliishia kwenye sahani ile ile.

Aliyelifikiria jambo hili kwa kina zaidi ni Henry Salt. Alizaliwa India mwaka 1851, akasoma Eton na Cambridge, akarudi Eton kufundisha, na hapo, katika shule iliyolea watawala wa dola, akaanza kuwaona walimu wenzake kama watu wasiostaarabika kwa sababu ya kile kilichokuwa kwenye sahani zao. Katikati ya miaka ya 1880 aliacha kazi, akahamia na mkewe Kate katika nyumba ndogo ya kijijini Tilford, na joho lake la ualimu likakatwa vipande vya kufungia mimea inayotambaa ukutani. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kutetea ulaji wa mboga, mwaka 1892 kitabu cha haki za wanyama, na kati ya hivyo viwili, mwaka 1891, akaanzisha pamoja na wenzake Humanitarian League, chama kilichopinga kwa wakati mmoja uwindaji wa kujifurahisha, adhabu ya viboko, hali za magereza na machinjio ya siri ya vichochoroni, na kilichodumu hadi 1919. Salt hakuwa na dini, na aliona kwamba hilo linaongeza wajibu wake. Ikiwa hakuna Muumba aliyempa binadamu mamlaka, na ikiwa Charles Darwin alikuwa sahihi kwamba binadamu na wanyama ni wa ukoo mmoja, basi ile ruhusa ya Nuhu imeondoka na hakuna iliyochukua nafasi yake. Mwenye kula analazimika kutoa sababu upya. Thomas Hardy, mwandishi wa riwaya ambaye naye alikwisha kupoteza imani, alikiandikia chama hicho mwaka 1910 akikubali kwamba nadharia ya ukoo mmoja inaitanua mipaka ya wema ipite jamii ya binadamu.

Lakini watu wawili wasioamini wanaweza kusoma Darwin yule yule na wasikubaliane. Leslie Stephen, baba wa mwandishi Virginia Woolf, aliuacha ukasisi wa Kianglikana kwa sababu ya kupoteza imani na akawa mtetezi mkubwa wa msimamo wa kutojua, yaani kwamba akili haina uwezo wa kuthibitisha wala kukanusha kuwepo kwa Mungu. Stephen aliandika kwamba hoja ya kuwahurumia nguruwe ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayefaidika na soko la nyama ya nguruwe kuliko nguruwe mwenyewe, ambaye asingekuwepo duniani kama watu wote wangekataa kumla. Salt alimjibu kwamba kiumbe ambaye hajakuwepo hawezi kufanyiwa hisani, na kwamba anayemleta mwingine duniani hawezi kutumia kuzaliwa kwake kama risiti ya kumtendea apendavyo. Kwa hoja ya Stephen, alisema, hata mfuga watumwa angeweza kujiosha. Jibu la Salt ndilo lenye nguvu. Mabishano hayo yanaonyesha pia kwamba baada ya kuondoka kwa Mungu katika mjadala, utetezi wa nyama ulilazimika kuanza kutumia lugha ya faida ya mnyama mwenyewe, lugha ambayo al-Shirazi hakuihitaji hata kidogo.

India ilitoa picha iliyogeuzwa. Huko kutokula nyama, na hasa ya ng'ombe, kulikuwa sheria kwa wengi wa tabaka la juu la Wahindu, na kwa hiyo aliyetaka kuonyesha kwamba amejitoa katika dini ya baba zake alikuwa na njia fupi sana ya kulionyesha hilo. Katika Hindu College ya Calcutta, iliyofunguliwa mwaka 1817, mwalimu kijana Henry Louis Vivian Derozio aliwafundisha wanafunzi wake kuhoji kila kitu, pamoja na kuwepo kwa Mungu, hadi wazazi walipochachamaa na akaondolewa mwezi wa Aprili 1831. Wanafunzi wake walikula nyama ya ng'ombe na kunywa pombe kama watu wanaotia saini waraka. Mwezi wa Agosti mwaka huo baadhi yao walikusanyika nyumbani kwa mwenzao Krishna Mohan Banerjee, yeye mwenyewe akiwa hayupo, wakala nyama ya ng'ombe, kisha wakatupa mabaki yake katika ua wa jirani wa tabaka la Brahmini, yaani tabaka la makuhani, huku wakipiga kelele kumjulisha ni nini kilichoangukia kwake. Familia ilimfukuza Krishna Mohan nyumbani. Mwaka uliofuata alibatizwa, na baadaye akawa kasisi. Derozio alifariki kwa kipindupindu mwezi wa Desemba 1831, akiwa na umri wa miaka 22. Vijana wale walikuwa na ujasiri, lakini kitendo cha kumtupia jirani mifupa kilikuwa cha kumdhalilisha binadamu asiye na hatia, na ng'ombe mwenyewe hakuwa na nafasi yoyote katika hesabu yao: aligeuzwa kuwa bendera.

Miaka hamsini na kitu baadaye, mvulana wa Kigujarati aitwaye Mohandas Gandhi, mtoto wa jamii zile zile za magharibi mwa India ambazo wafanyabiashara wake walikwisha kujaza maduka ya Zanzibar na Mombasa, alipita katika njia hiyo na kurudi nyuma. Akiwa shuleni Rajkot alishawishiwa na rafiki yake kwamba Waingereza wanatawala kwa sababu wanakula nyama, akala nyama ya mbuzi kwa siri kando ya mto, na usiku ule akaota kwamba mbuzi analia tumboni mwake. Aliacha baada ya muda kwa sababu hakuweza kuendelea kuwadanganya wazazi wake. Kabla ya kusafiri kwenda London mwaka 1888 alimwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, pombe wala mwanamke. Alishinda njaa kwa wiki kadhaa akishikilia kiapo ambacho hakukiamini kwa akili, hadi alipokuta mkahawa wa walaji mboga katika barabara ya Farringdon, na kwenye dirisha lake kitabu cha Salt cha mwaka 1886 kikiuzwa kwa shilingi moja. Alikinunua, akala akashiba, akakisoma chote. Tangu siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mlaji mboga kwa kuchagua. Mtu ambaye ulimwengu ungekuja kumwita mtakatifu alipewa sababu ya kuishika desturi ya dini yake na mwandishi asiye na dini yoyote. Gandhi hakulisahau deni hilo: mwaka 1891 alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi ya Bradlaugh, na tarehe 20 Novemba 1931, alipohutubia walaji mboga wa London akiwa kiongozi wa taifa lake, Salt alikuwa ameketi kando yake.

Salt alifariki mwezi wa Aprili 1939. Alikuwa ameandika mwenyewe hotuba ya kusomwa kwenye mazishi yake, ambayo haikuwa na sala, na ndani yake alitangaza kwamba anakufa kama alivyoishi, mtu wa akili, mjamaa, mpinga vita na mtetezi wa viumbe. Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Mudunur pwani ya Andhra, Goparaju Ramachandra Rao, ajulikanaye kama Gora, alianzisha kituo cha wakana Mungu ambacho baadaye kilihamia Vijayawada. Gora alijadiliana na Gandhi ana kwa ana juu ya ukanaji Mungu, akakubaliana naye kumwoza binti yake kwa kijana wa jamii ya walioitwa wasiogusika, na akatumia maisha yake kuvunja kuta za tabaka kwa kulisha watu pamoja. Mwaka 1972, Vijayawada, aliandaa hafla ya hadhara ambapo nyama ya ng'ombe, iliyo mwiko kwa Mhindu, na ya nguruwe, iliyo haramu kwa Mwislamu, ziliwekwa kwenye meza moja, na waliohudhuria wakala zote mbili ili kuonyesha kwamba hakuna chakula kinachopaswa kuwatenga watu. Tofauti na vijana wa Calcutta, Gora hakumtupia mtu mfupa, aliwakaribisha. Hafla ile iliwatendea haki binadamu kuliko zilivyowahi kufanya karamu nyingi za waumini. Ng'ombe na nguruwe waliochinjwa kwa ajili yake hawakuwa na wa kuwasemea mezani pale, na kwa kipimo cha al-Maarri na cha Salt hilo ni pungufu ambalo ushujaa wa Gora haulifuti.